Alama za Ndani ya Kola

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, nguo za watu zikiwa kambani. Dobi mvua ikianza hana la kufanya ila kulaani na kusubiri, na mimi nikilaani mume wangu hunikumbusha kwamba kuna mtoto ndani. Basi nimechukua kitabu hiki, ambacho binti yangu aliniletea niandike siku za kumeza dawa zangu za presha, na nitalaani humu.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu. Tunamwita Kifungo kwa sababu ni mdogo, ni wa duara, na mdomo wake ukishafungwa umefungwa. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi katika hospitali ya mbali, na baba yake ni dereva wa malori ambaye tunamwona kama tunavyoona mgeni. Kifungo yuko kwangu tangu alipoachishwa kunyonya.

Jioni binti yangu amepiga simu. Mwalimu wa chekechea amemwambia kwamba mtoto hasemi darasani na herufi haziangalii. Mwanzoni mwa Mei, shule ya msingi itawafanyia watoto usaili wa darasa la kwanza. Kifungo akikataliwa, atakwenda kukaa kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye nyumba yake ina rafu za vitabu, chati ukutani, na mashine ya kukaushia nguo. Hilo la mashine amelitaja makusudi. Nimemjibu kwamba sawa, kisha nimekaa juu ya beseni nikalia. Nyumba hii bila yule mtoto ni wazee wawili na pasi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Paa la chekechea linavuja, wamefunga mpaka mvua zikatike. Mwalimu mwenyewe amepita kuniarifu, binti mdogo mwenye mwavuli uliovunjika upande mmoja, kwa hiyo nusu yake ilifika imelowa. Nitamwita Mwalimu Mdogo. Nimemwuliza zile chati za herufi zinauzwa wapi, maana kama ni vita, na mimi ninunue silaha.

Amesema chati sizihitaji. Nizungumze na mtoto, basi. Kila ninachofanya, nikiseme. Tukipanga nguo nimwambie hii inakwenda wapi na kwa nini. Nimwimbie, nimsomee chochote kilichopo, hata boksi la sabuni, na nimpe kitu cha kuchorea. Nimemtazama nikijiuliza kama serikali inamlipa kwa maneno haya. Nimelea watoto wanne bila kuongea na soksi, na wote wanasoma magazeti.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza kuongea na soksi.

Nilidhani nitakosa la kusema, kumbe wapi. Dobi anajua watu kuliko daktari, kwa sababu kwa daktari mtu huoga kwanza. Nimemkalisha Kifungo juu ya rundo nikamwonyesha alama zetu, zile nyuzi ninazoshona ndani ya kola ili nguo za watu zisichanganyike. Mshono mmoja mwekundu, muuza nyama. Miwili ya njano, mpiga tarumbeta wa bendi. Msalaba wa bluu, kinyozi. Duara la kijani, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi.

Kila nguo nikaitolea maelezo. Hii ya mpiga tarumbeta, unaona kwapa lilivyochanika? Anapuliza kwa mdomo, upepo unatokea huku. Hii ya kinyozi, analeta mashati mawili kwa mwezi, mengine anayajua Mungu. Hili gauni la Mwalimu Mkuu, tazama mfukoni, makaratasi ya peremende. Anawanyang'anya watoto darasani, anakwenda kuzila ofisini, ndiyo maana gauni limebana.

Kifungo hakucheka wala hakusema, ila lile kwapa alilitazama kwa muda mrefu. Mume wangu, kutoka kwenye meza ya pasi, akasema ulimi hauna mfupa. Nikamwambia asiniingilie, ninafundisha.

Jumamosi, 16 Machi

Nimechana shuka kuukuu vipande vipande, nikaandika MLANGO, MEZA, BESENI, NDOO, nikavibana kila mahali kwa vibanio vya nguo. Kifungo akawa ananishikia vibanio. Kipande cha BABU nikambana nacho mume wangu mgongoni akiwa ameinama.

Amekwenda nacho kununua mkaa. Amerudi uso umechanua, anasema dunia bado ina heshima, kila kijana njiani amemwamkia babu, babu. Sina roho ya kumwambia.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia. Hasemi nami.

Jumatano, 20 Machi

Nimesoma boksi la sabuni tangu chai mpaka chakula cha mchana. Nikifika mwisho Kifungo anasema, "Tena." Ndilo neno lake la wiki nzima. Nikishaifikia "weka mbali na watoto" ninatamani kutii.

Lakini kuna hili. Tulipotoka kwenda kuchukua nguo za nyumba ya wageni, akasimama mbele ya ile saluni ya barabarani, akaonyesha kwa kidole herufi ya kwanza kwenye kibao, kisha akaingia ndani na kusimama mbele ya kaunta akisubiri auziwe sabuni. Msusi akaniuliza mtoto ana nini. Nikamwambia anasoma. Msusi akanitazama kwa huruma.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Nyumba nzima ni kamba. Mtu akitaka kutoka sebuleni kwenda jikoni anapita chini ya suruali za watu wengine. Kinyozi amekuja kuulizia shati lake, nikamwonyesha lilipo, akalikamua mwenyewe akaondoka.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nilikuwa na hasira na wingu, nikawa ninatupa nguo kwenye mafungu bila kuangalia. Nimegeuka kuchukua kikapu, nikageuka tena, nikamkuta Kifungo anatoa shati kwenye fungu la muuza nyama na kulipeleka kwa mpiga tarumbeta. Nikataka kumkanya. Kisha nikageuza kola, nikaona mishono miwili ya njano. Nimempima kwa nguo nyingine, kisha nyingine, kisha rundo lote. Hajakosea hata moja. Anageuza kola, anatazama, anakwenda.

Nimevaa raba nikaenda kwa Mwalimu Mdogo kwenye tope. Amefurahi akanishika mikono yote miwili. Anasema mtoto ameshajua kwamba alama ndogo inaweza kumsema mtu ambaye hayupo, na kusoma ndipo kunapoanzia. Nimemwuliza kama shule itamkubali kwa kusoma kola. Akasema hapo sasa nimemshika pabaya.

Jumamosi, 13 Aprili

Shangazi mtu amefika jana na chati zake, kwa nia njema kama wanavyofika wote. Amezibandika sebuleni kwa gundi ya karatasi. Ukuta wangu una unyevu tangu Machi. Kabla hatujamaliza chai A ilikuwa imeanguka, na mpaka mchana alfabeti nzima ilikuwa sakafuni, isipokuwa herufi moja iliyoangukia kwenye mchuzi wa mume wangu. Akaitoa kwa kijiko akaendelea kula.

Nilijiandaa kumchukia na nikaweza mpaka jioni. Jioni aliingia na Kifungo chini ya shuka zilizoanikwa, akamtolea hadithi ya fisi, na fisi alikuwa na sauti ya fisi na kobe sauti ya kobe, mpaka mume wangu akaacha pasi ikaunguza taulo. Kifungo alikuwa anasema "tena" kabla hadithi haijaisha.

Leo akiaga ameniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anapenda kitanda chake kikae karibu na dirisha. Kumbe chumba ameshakitengeneza. Yeye hakujaliwa mtoto. Nikamfungia maandazi ya njiani.

Alhamisi, 18 Aprili

Uzi umeniishia, na duka la uzi limeingia maji. Nimetoa ile kalamu ya wino usiofutika, tunayoandikia shuka za nyumba ya wageni. Nimeweka alama kwenye nguo chache, kisha kalamu nimeiweka juu ya kabati, mbali na mikono midogo. Kiti nimekiacha palepale, kwa akili zangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua limetoka. Tumeanika mpaka kwenye ua wa jirani, mume wangu amepiga pasi huku anaimba, na mpaka jioni tumepeleka nguo zote za wateja wote. Siku nzuri kuliko zote tangu mvua zianze. Kifungo ameshinda chini ya meza na lile rundo lililopigwa pasi, hasumbui mtu. Nimemsifu kwa utulivu wake.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika taratibu, jambo moja baada ya jingine.

Asubuhi amekuja mpiga tarumbeta ameshika shati. Akageuza kola akaniuliza hiki nini. Nikavaa miwani. Kulikuwa na mistari miwili ya wino, na pembeni mtu amevimba mashavu, ana bomba mdomoni, na kutoka kwapani mwake unatoka upepo mwingi uliochorwa kwa bidii. Kabla sijapata uongo wa kusema, Kifungo akatoka chini ya meza, akaweka kidole kwenye picha, akasema, "Hii ya mpiga tarumbeta. Anapuliza kwa mdomo, upepo unatokea huku."

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizotamka tangu azaliwe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo nilitamani kupiga vigelegele, na mambo haya mawili hayakai vizuri katika kifua kimoja. Yule bwana akainua mkono akalichungulia kwapa lake. Akaniomba nimshonee.

Alipotoka akaingia kinyozi. Kwake kulikuwa na msalaba na mashati mawili, kisha mashati mengi yanayopaa kwenda mawinguni. Kifungo akamsomea mpaka kwa Mungu. Kinyozi hakulipenda hata kidogo, akasema mimi nimekuwa gazeti sasa. Nimemwomba radhi. Muuza nyama yeye alimtuma mkewe, na mke aliposomewa ya mumewe alicheka mpaka akakaa chini, akaomba asomewe tena.

Hapo ndipo nikakumbuka gauni la Mwalimu Mkuu. Nimekimbia kwenye mvua, mimi na presha yangu, mpaka nyumbani kwake. Amesafiri, na msichana wake wa kazi hawezi kunipa nguo ya bosi mlangoni. Nimerudi nimelowa. Nikamwuliza Kifungo kwenye lile gauni alichora nini. Akahesabu kwa vidole bila haraka. Mdomo. Peremende. Gauni limebana.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Ulisema, nikaandika."

Hakusema nikachora. Nikakaa juu ya beseni. Kila mtu mwenye akili angemchapa, au angalau angemkaripia mpaka ajue wino ni nini. Lakini nilikuwa ninautazama ule mdomo, ambao miezi yote ulikuwa umefungwa na leo umesomea wateja watatu, na nikajua nikiukaripia sasa hivi utafungwa na sitaufungua tena. Nikamwambia ameandika vizuri. Mume wangu akaweka pasi chini akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 25 Aprili

Usaili ni Ijumaa ijayo. Nimepeleka ujumbe kwa Mwalimu Mkuu kwamba lile gauni ninataka kulifua tena bure, kuna doa nililipita. Amejibu kwamba asante, gauni limetakata kabisa, amelitunza alivae siku ya usaili.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua kidogo. Sili.

Jumatano, 1 Mei

Binti yangu amefika kwa likizo, na shangazi mtu pamoja naye. Kifungo amewazungumzia mpaka wamechoka. Mama yake ananitazama kama mtu aliyeacha sufuria tupu akakuta imejaa. Za kola sijamwambia. Funika kombe.

Ijumaa, 3 Mei

Tumekwenda sote. Chumba cha usaili ni ofisi ya Mwalimu Mkuu: meza, kabati la faili, ubao mdogo, benchi letu la wazazi ukutani. Mwalimu Mdogo alisimama mlangoni na watoto wengine wa chekechea. Mwalimu Mkuu alikuwa amevaa gauni lile. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana, hilo niliseme.

Akamwuliza Kifungo jina lake. Kimya. Akamwuliza anakaa na nani. Kimya. Akaandika herufi ubaoni. Kifungo akaiendea moja akasema sabuni, ya pili akasema mlango, ya tatu akasema babu, na zilizobaki akazitazama kama watu asiowajua. Mwalimu Mkuu akamwuliza tena jina. Kifungo akatazama viatu vyake, nikajua ameshafungwa.

Mwalimu Mkuu si mkali, ndicho kilichonivunja. Alisema kwa upole kwamba darasa lake ni kubwa, mtoto asiyesema hupotea humo, na hakuna ubaya akisubiri mwaka mmoja mahali penye mtu wa kukaa naye karibu. Binti yangu akainamisha kichwa. Shangazi mtu akaokota mkoba wake, taratibu, bila furaha.

Nikasimama. Presha ilikuwa masikioni.

"Mwalimu, tafadhali geuza kola ya gauni lako. Mwambie asome."

Akaniuliza kola ipi. Nikamwambia ya nyuma, ndani. Mwalimu Mdogo ikabidi aje amsaidie, akaigeuza, akaona, akaanza kukohoa na kukohoa. Kifungo akainua macho. Akazunguka meza, akaomba Mwalimu Mkuu ainame kidogo, akaweka kidole. Akasoma kwa sauti iliyofika kwenye korido.

"Hii ya Mwalimu Mkuu. Anawanyang'anya watoto peremende darasani, anakwenda kuzila ofisini, ndiyo maana gauni limebana."

Binti yangu akasema, "Mama." Neno moja tu, na dhambi zangu zote zilienea humo.

Mwalimu Mkuu akabaki ameinama vilevile. Akauliza nani aliyasema haya. Kifungo akanionyesha kwa kidole bila kusita, damu yangu mwenyewe. Akamwuliza nani aliandika. Kifungo akasema mimi. Akamwuliza kwa nini.

"Maneno ya Bibi ni mengi," Kifungo akasema. "Nikiyaandika hayapotei."

Mwalimu Mkuu akajinyoosha. Akavuta droo ya meza yake, nasi sote kwenye benchi tukaona ndani. Ilikuwa imejaa. Akachagua peremende moja akampa Kifungo, akachagua nyingine akaimenya akaitia mdomoni mwake, mbele yetu, akatafuna akitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema herufi ni kazi yake, atamfundisha, lakini wengi huja kwake wanazijua herufi zote na hawajui kwamba zinasema kitu. Huyu ameshajua. Akaandika jina la mjukuu wangu kwenye orodha ya darasa la kwanza.

Nilikuwa ninajipenyeza kutoka aliponiita.

"Na gauni hili, mama, lilikuwa linanitosha kabla halijafika kwako."

Nimemwahidi kulipanua. Bure.

Jumamosi, 4 Mei

Kifungo anabaki. Binti yangu amelisema mbele ya mume wangu, akanikumbatia, kisha akanikaripia kwa muda mrefu kama mtu mwenye zamu ndefu ya kukaripia. Ninastahili.

Shangazi mtu nimemkuta jikoni anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nimemwambia mimi maneno ninayo mengi, lakini hadithi yenye fisi wa kweli sina, na likizo za shule ni ndefu, na kitanda cha karibu na dirisha kisikae bure. Amelia, nikalia naye, mume wangu akachungulia akarudi kwenye pasi.

Jumapili, 12 Mei

Jua. Mvua zimekatika. Sare ya Kifungo imekauka kwa saa chache, nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempeleka mpaka getini. Hakugeuka kuniangalia, amekwenda akimwambia mtoto mwingine kuhusu kwapa la mpiga tarumbeta.

Nimerudi kwenye kazi. Nguo zinakauka zenyewe, kamba ziko nje, sebule ni pana, na mimi nimekaa mbele ya rundo nikasema hii ya muuza nyama. Hakuna aliyejibu. Hii ya kinyozi, nikasema. Mume wangu akaniuliza ninaongea na nani. Nilipigania msimu mzima asichukuliwe, na leo nimemshika mkono mwenyewe nikampeleka, nimevaa na gauni zuri.

Amerudi mchana, soksi moja juu, nyingine chini. Nimemvua mkoba, nikampa maji, nikasubiri ameze. Nikamwuliza leo, siku ya kwanza, amefundishwa nini.

Akafikiri.

"Tumefundishwa kunyamaza."

Nimemwambia avue sare. Nimemkalisha juu ya rundo, nikamwekea shati mapajani, nikamwambia shule ni shule na hapa ni kwa bibi yake, na hii ni ya nani. Akageuza kola. Akaanza kusema, na mpaka ninapoandika haya hajamaliza.